Dira mpya inasoma 104 badala ya 090: skrubu ziguswe mwisho

Swali: Shikamoo fundi. Mimi na rafiki yangu tuna ndege ndogo, Cessna 182, tunayoiweka hapa uwanja wa Julius Nyerere, safari zetu nyingi ni Zanzibar, Mafia na Tanga. Dira ya zamani ilikuwa inavuja, tukaagiza nyingine mtandaoni kutoka Marekani. Wiki hiyohiyo tukafungiwa redio mpya, na mwenzangu akabandika kishikio cha tableti juu ya dashibodi. Sasa ndege ikielekea mashariki dira inasoma 104, na namba zimelala, upande wa kulia umeshuka. Kijana mmoja wa hanga anasema azungushe tu zile skrubu mbili ndogo mpaka isome 090. Tumruhusu? Halafu, kwa kuwa tuna GPS mbili, kuna haja gani ya kuhangaika na hii dira?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Msimruhusu, si kwa hatua mliyofikia. Anaweza kweli kuilazimisha isome 090 mkielekea mashariki, na mtafurahi mpaka mtakapogeuza ndege kuelekea magharibi. Skrubu ya mashariki na magharibi inasukuma usomaji kwa kiasi kilekile pande zote mbili, ila kinyume: ukipunguza nyuzi 14 mashariki, unaongeza nyuzi 14 magharibi. Kama magharibi ilikuwa inasoma sawasawa, sasa umeiharibu. Kazi ya zile skrubu ni kusogeza visumaku vidogo vilivyomo ndani ya dira ili kufuta mabaki ya sumaku ya ndege ambayo huwezi kuiondoa. Sumaku inayoondoleka huondolewa kwanza. Na kwa maelezo yako, mnayo inayoondoleka, tena nadhani naijua ilipo.

Ila nianze na lile jambo ulilolitaja kwa kupitia, la namba kulala kulia. Hilo halitokani na redio wala na kishikio.

Sumaku ya dunia haivuti kwa ulalo peke yake. Huku kwetu, kusini mwa ikweta ya sumaku (mstari ambako inavuta kwa ulalo tu), inauvuta chini upande wa sumaku unaotafuta kusini. Ulaya na Marekani inauvuta chini upande wa kaskazini. Mtengenezaji wa dira anaweka kauzito kadogo kwenye pete ya namba ili ikae sawa, na kauzito hako huwekwa upande wa pili wa ule unaozama. Dira ya kuuzwa Marekani ina uzito upande wa kusini. Ukiileta Dar es Salaam, sumaku ya dunia inauzamisha upande wa kusini, na ule uzito nao unauzamisha upande huohuo. Mkielekea mashariki, kusini kuko kuliani kwenu. Ndiyo maana kulia kumeshuka. Mkitaka kuhakikisha, geuzeni ndege ielekee magharibi: kama nimesema kweli, sasa upande wa kushoto ndio utashuka. Pete ikiendelea kulala kulia hata mkielekea magharibi, basi tatizo ni lingine, labda dira imefungwa kombo au ndege yenyewe imeegemea upande mmoja kwa sababu ya upepo wa tairi.

Najua utaniuliza, mbona Dar iko nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, mambo haya si ya watu wa mbali huko? Ikweta ya sumaku siyo ile ya ramani. Katika Afrika Mashariki inapita juu zaidi, upande wa Ethiopia. Addis Ababa iko karibu nayo. Sisi wa Dar tuko mbali nayo vya kutosha kwa sumaku kuinama zaidi ya nyuzi 30 kutoka kwenye ulalo. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Marekani ikija hapa haiwezi kukaa sawa.

Ubaya wake hauishii kwenye sura. Dira nyingi za aina hii zinaruhusu pete kuinama kama nyuzi 18 kabla haijagusa chombo chake. Yako tayari imetumia sehemu ya nafasi hiyo ikiwa imesimama tu ardhini. Ukilaza bawa kidogo kwenye kona, pete inagusa, inakwama, na unasoma namba ambayo haina uhusiano wowote na mahali ndege inapoelekea. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Dira hiyo irudi kwa muuzaji, au ipelekwe karakana ya vyombo vya ndege yenye kibali cha kuifungua na kuisawazisha upya. Na tafadhali asitokee mtu wa kuifungua mezani kwenu na kujazia mafuta ya taa ya sheli. Kimiminika cha dira ni cha jamii hiyohiyo ya mafuta, ni kweli, lakini kimesafishwa kwa kiwango chake, na kitabu cha mtengenezaji kinakitaja. Mafuta ya taa ya jikoni yatabadilika rangi na kuacha utando kwenye kile kito ambacho ncha ya pete inaegemea, na pete itaanza kugandaganda.

Haya, tuseme mmepata dira sahihi, iliyosawazishwa kwa kusini. Sasa kuifunga.

Kabla ya kutoboa tundu au kukaza nati yoyote, ishike dira kwa mkono pale inapokusudiwa kukaa. Vua saa kwanza, toa simu na funguo mfukoni. Mwenzako akae kwenye kiti awashe kitu kimoja kimoja: betri, redio ya kwanza, redio ya pili, taa ya kutua, taa za kumetameta, hita ya kipimamwendo. Wewe macho kwenye pete. Kila inaporuka, andika nini kimewashwa na imeruka nyuzi ngapi. Kisha avute usukani mpaka mwisho na kuusukuma mpaka mwisho, maana ndani ya dashibodi kuna vyuma vinavyokwenda na usukani, na kama kimojawapo kimeshika sumaku utaiona pete ikimfuata. Jaribio hili linakula muda mfupi na linakuambia mengi kuliko siku nzima ya kuzungusha skrubu.

Waya wa taa ya dira ndio mkosaji anayesahaulika kila mara. Umeme wa betri ukipita kwenye waya mmoja unatengeneza uga wa sumaku kuuzunguka, na waya huo unapita sentimeta chache tu kutoka kwenye pete. Dawa yake ni waya mbili, wa kwenda na wa kurudi, zilizosokotwa pamoja mpaka mbali na dira, ili uga wa mmoja uuwe uga wa mwingine. Fundi aliyefunga waya mmoja na kuacha umeme urudi kupitia bodi ya ndege amekupa dira mbili: ya mchana na ya usiku.

Skrubu za kufungia nazo zitazamwe. Ziwe za shaba au za chuma kisichoshika sumaku. Watu wanadhani kila chuma cha pua hakishiki. Si kweli, na hata ile aina isiyoshika inaweza kuanza kushika baada ya kufinywa au kukazwa sana. Chukua dira ndogo ya mkononi, ile ya skauti inatosha, pitisha kila skrubu karibu na sindano yake kabla ya kuitumia. Sindano ikisogea, skrubu hiyo irudi kwenye kopo. Ukishapima kila skrubu namna hiyo utashangaa ni ngapi zinakataliwa kati ya zile ulizoziita safi. Fanya hivyohivyo kwa nguzo ya katikati ya kioo cha mbele na kwa kila bano lililo karibu. Kwenye ndege zenye fremu ya mabomba ya chuma, kama Piper Super Cub, fremu yenyewe huweza kubeba sumaku tangu ilipochomelewa, na hapo inahitajika mashine ya kuiondoa, inayotumia umeme wa kubadilika mwelekeo. Cessna yenu ni ya aluminiamu, kwa hiyo mmenusurika kwa sehemu kubwa.

Sasa kile kishikio cha tableti. Hukusema ni cha aina gani, lakini vingi vinavyouzwa madukani hapa mjini vinashika kwa sumaku, na tableti yenyewe ina sumaku ndani, kwenye spika na mara nyingi kwenye kingo zinazoshika kifuniko. Kiondoeni juu ya dashibodi leo hii. Sumaku ya kudumu iliyo karibu na dira haina nafasi yoyote kwenye chumba cha rubani, wala msikubali kuambiwa kuwa dira “itasahihishwa ikiwa nayo palepale”. Ikisahihishwa tableti ikiwepo, siku mtakayoiacha nyumbani dira itakuwa na kosa jipya, na kadi ya masahihisho, ile inayoandikwa makosa ya dira, itakuwa inadanganya. Mwenzako anayeipenda tableti yake aifunge pajani. Hata pajani, asiinyanyue kuipeleka kwenye kioo wakati wa kusoma dira.

Na hapa kuna jambo linalonifanya nisiichukulie kirahisi hiyo 104 yako. Kadiri nguvu ya ulalo ya sumaku ya dunia inavyokuwa kubwa, ndivyo sumaku za ndani ya ndege zinavyoshindwa kuipotosha dira. Dar es Salaam tuna nguvu ya ulalo kubwa kuliko London, kwa mfano, kwa sababu tuko karibu zaidi na ikweta ya sumaku. Yaani sumaku ileile iliyowapa kosa la nyuzi 14 hapa, huko ingewapa zaidi. Kuna kitu chenye nguvu kiko karibu sana na dira hiyo.

Baada ya kuondoa kinachoondoleka, ndipo ndege inatolewa nje kuzungushwa, yaani kuelekezwa kila upande na kulinganishwa na dira iliyoshikwa nje. Mahali pa kuzungushia ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mbele ya hanga hapafai hata kidogo: nguzo za chuma, paa la mabati, magari, mashine ya kuwashia ndege, na chini ya zege kuna nondo. Mwongozo wa Marekani wa kujenga duara la dira uwanjani unataka kitovu chake kiwe angalau mita 90 kutoka kwenye majengo, nyaya za umeme na mawasiliano na kutoka kwenye ndege nyingine, na mita 180 kutoka kwenye maegesho makubwa ya magari, reli na nyaya za umeme mkubwa. Ombeni ruhusa kwa mamlaka ya uwanja na kwa mnara mpewe sehemu ya pembeni ya lami, alfajiri kabla msongamano wa ndege za Zanzibar haujaanza na kabla upepo haujaamka.

Hata mkipewa sehemu nzuri, ipimeni. Njia ninayoipenda haihitaji kifaa chochote zaidi ya dira mbili za kulengea. Wewe simama upande mmoja wa eneo, mwenzako upande wa pili, hatua kama 60 kati yenu. Kila mmoja amlenge mwenzake na asome. Wewe ukisoma 072, yeye lazima asome 252. Hamishaneni, rudieni kwenye kona nyingine za eneo. Popote tofauti inapoacha kuwa 180, chini kuna chuma, bomba au waya. Njia nyingine ni kutembea eneo zima huku mkilenga kitu kilekile kilicho mbali sana, kilele kimoja cha vilima vya Pugu kwa mfano. Namba isibadilike ghafla kati ya hatua moja na nyingine.

Anayeshika dira ya kulengea awe mwepesi wa chuma: asivae saa, mkanda wenye bizimu la chuma, miwani yenye fremu ya chuma wala viatu vya usalama vyenye ncha ya chuma. Asimame nyuma ya mkia, mita 20 au zaidi, alenge mstari unaopita katikati ya pezi la mkia na katikati ya pua ya ndege. Nasema nyuma kwa sababu injini itakuwa inanguruma, na mtu anayetazama ndani ya dira hatazami panga boi.

Ndiyo, injini iwake. Mkifanya na betri tu mtapima ndege isiyoruka. Altaneta, yaani jenereta ya injini, iwe inachaji, redio ziwashwe kama zinavyowashwa safarini, milango ifungwe, flapu za nyuma ya bawa ziwe juu, usukani uwe katikati, na watu wakae kwenye viti vyao. Ndege yenye gurudumu la mkiani iinuliwe mkia mpaka iwe katika ulalo wa kuruka. Na lile fimbo la chuma la kuvutia gurudumu la mbele liondolewe kila mara kabla ya kusoma. Na kabla ya kuwasha injini vilevile, kwa sababu ambazo sina haja ya kuzieleza.

Kwanza zirudishe skrubu mbili za masahihisho katikati: nukta iliyo kwenye skrubu ilingane na nukta iliyo kwenye chombo. Tumia bisibisi isiyoshika sumaku, ya shaba au ya plastiki ngumu, na hata hiyo iondoe kabla ya kusoma. Gonga kioo cha dira kwa kucha, taratibu, pete itulie mahali pake.

Nitakupa mfano wa namba, maana bila namba haya yote ni hadithi. Tuseme baada ya kuondoa kishikio na kurekebisha waya, ndege yenu ikilenga 000 kwa dira ya nje, dira ya ndani inasoma 006. Ikilenga 090 inasoma 095. Ikilenga 180 inasoma 178. Ikilenga 270 inasoma 269.

Wengi hapa Tanzania tulifundishwa kwa hesabu ya Waingereza. Unatafuta mkengeuko wa kila upande, yaani namba ya kweli ukitoa namba ya dira: kaskazini −6, mashariki −5, kusini +2, magharibi +1. Kwa skrubu ya kaskazini na kusini unachukua mkengeuko wa kaskazini, unatoa wa kusini, unagawa kwa mbili: −6 toa +2 ni −8, nusu yake −4. Kwa skrubu ya mashariki na magharibi: −5 toa +1 ni −6, nusu yake −3. Kwa hiyo ndege ikiwa kaskazini unazungusha skrubu mpaka 006 iwe 002, basi, usiendelee. Ndege ikiwa mashariki unazungusha ile nyingine mpaka 095 iwe 092. Ukigeuza ndege utakuta kusini imetoka 178 na kuwa 182, na magharibi imetoka 269 na kuwa 272.

Wamarekani wanafanya bila karatasi. Kaskazini unazungusha mpaka isome 000 kamili. Mashariki mpaka 090 kamili. Kusini, kwa mfano wetu, utakuta 184. Unaondoa nusu ya kosa, inakuwa 182. Magharibi utakuta 274. Unaondoa nusu, inakuwa 272. Ukirudi kaskazini itakuwa 002, na mashariki 092. Namba zilezile. Mimi natumia hesabu kwa sababu inaniachia karatasi ya kuonyesha nilianzia wapi, lakini sigombani na anayefanya kwa nusu.

Tazama sasa kilichobaki: 002, 092, 182, 272. Pande zote zimezidi kwa nyuzi 2 zilezile. Hapa ndipo yule kijana wa hanga angeendelea kuchokonoa skrubu hadi jioni, na asingefika. Kosa linalolingana pande zote halitokani na sumaku. Dira yenyewe imefungwa ikiwa imegeuka kidogo, mstari wake wa kusomea hauelekei pua ya ndege. Legeza nati za kufungia, kigeuze chombo chote nyuzi 2 kinyume cha saa ukikitazama kutoka juu, kaza. Kama bano lake halina nafasi ya kugeuka, weka kipande chembamba cha aluminiamu chini ya upande mmoja.

Kisha unazunguka tena duara lote, safari hii bila kugusa kitu, unaandika usomaji kila baada ya nyuzi 30: 000, 030, 060 na kuendelea. Ndizo zinazoandikwa kwenye kadi ya masahihisho iliyo karibu na dira, “ukitaka 030, shika 031”, pamoja na kutaja kama redio zilikuwa zimewashwa. Viwango vya Marekani ambavyo Cessna nyingi kama yenu zimeidhinishwa navyo havikubali mkengeuko uzidi nyuzi 10 katika mwelekeo wowote. Mimi kwenye ndege ya aluminiamu nikiona zaidi ya nyuzi 4 au 5 baada ya kazi yote hii, naanza kutafuta upya. Fundi mwenye leseni ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ndiye anayesaini kazi kwenye daftari la ndege. Nyie kama wamiliki mnaweza kusukuma ndege na kuandika namba, saini ni yake.

Kuhusu GPS. Kifaa hicho kinakuambia ndege inaenda wapi juu ya ardhi, na haikuambii pua imeelekea wapi. Kusi kikivuma kutoka pembeni, hayo ni mambo mawili tofauti kwa nyuzi nyingi. Ndiyo maana pia huwezi kusahihisha dira ukiwa angani kwa kuitazama GPS, ingawa watu wanajaribu. Dira ya ndani ya simu nayo ni kihisi cha sumaku kilichokaa jirani na spika, siihesabu. Zaidi ya hapo, jairo yako ya mwelekeo, kile chombo cha gurudumu linalozunguka kasi, inateleza, na kila baada ya robo saa hivi unairekebisha kwa kuitazama dira. Dira ikikosea, jairo nayo inakosea kwa kiasi kilekile, nawe unaamini vyombo viwili vinavyokubaliana. Kutoka hapa hadi Mafia ni kama kilomita 125. Kosa la nyuzi 10 linakuweka kilomita 22 pembeni, na kulingana na upande, utakuta mikoko ya delta ya Rufiji au Bahari ya Hindi tupu. Mchana mweupe utajisahihisha kwa kuona pwani. Katika mawingu ya masika, umeme ukizimika, hicho kichupa cha mafuta ndicho kinachobaki kinafanya kazi. Hata Cessna 172 za kisasa zenye skrini za Garmin G1000, ambazo kihisi chao cha sumaku kimefichwa ndani ya bawa mbali na vyuma, bado zina dira ya kawaida pale juu, na bado inazungushwa na kuandikiwa kadi.

Jambo moja kwa mwenzako, ambaye naona anajifunza kwa video za Marekani kama vijana wengi. Kanuni za makosa ya dira wanazoimba huko ni za kaskazini mwa dunia. Hapa zinageuka. Ukiwa unaelekea mashariki au magharibi ukaongeza kasi, dira yetu itaonyesha kana kwamba unageukia kusini. Ukipunguza kasi, itaonyesha kaskazini. Ukigeuka kuja kaskazini, subiri namba ipite kidogo ndipo usawazishe bawa. Ukigeuka kuja kusini, sawazisha kabla haijafika. Akitumia ile ya kwenye video atakuwa anakosea mara mbili.

Rudieni kuizungusha ndege kila mnapofunga au kuondoa redio, mnapobadilisha injini au altaneta, ikipigwa na radi, au ikikaa muda mrefu imeelekea upande mmoja ndani ya hanga. Katikati ya hapo, kila mnapojipanga kwenye njia ya kuruka tazameni dira. Ila msiilinganishe na ile 05 au 23 iliyochorwa kwenye lami, kwani namba hiyo imekatwa kwenye kumi iliyo karibu. Tumieni mwelekeo kamili wa sumaku uliochapishwa kwenye chati ya uwanja. Tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na ya ramani hapa Dar ni nyuzi chache tu upande wa magharibi, lakini hiyo inahusu ramani na hesabu ya safari. Haiingii kwenye kadi wala haisahihishwi kwa skrubu.

Mkiagiza dira nyingine, mwandikieni muuzaji wazi kwamba ndege inakaa Tanzania, kusini mwa ikweta ya sumaku, na mnataka iliyosawazishwa kwa kusini. Watengenezaji wanaouza Australia na Afrika Kusini wanalijua ombi hilo. Ikifika, kabla ya kulipia ushuru wa pili wa kuirudisha, iwekeni juu ya meza ya mbao mbali na vyuma, ielekezeni mashariki, kisha magharibi. Namba zikikaa mlalo pande zote mbili, mleteeni fundi. Mpaka hapo ndege isiruke, kwa sababu dira ya sumaku ni chombo cha lazima, na hiyo mliyonayo sasa haihesabiki kuwa inafanya kazi.